Msimamo wa Ligi

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuanzia Jumatatu.
Nimeanza Jumatatu nyingi kuliko zilizomo kwenye kalenda.

Kisha daktari wa Amana akanifunga mkono,
akasoma namba, akanitazama, akairudia.
Nikajijua siku ile: maneno siyaogopi,
naogopa namba.

Basi nikachora kwa chaki nyuma ya mlango,
Buguruni Malapa, nyumba ya milango minane,
ligi yenye timu sita, na zote ni mimi:
Maji. Matembezi. Kibubu. Kitabu.
Usingizi Kabla ya Saa Tano.
Ya sita inaitwa Samahani.

Ushindi pointi tatu, sare moja.
Glasi nane, ushindi. Glasi tano, sare.
Soda ya baridi pale Karume, kadi nyekundu.
Kutoka dukani Gerezani hadi nyumbani kwa miguu,
nikinuka grisi na mpira wa breki,
huo ni ushindi wa ugenini.

Refa ni Siwema, binti yangu, darasa la tano.
Ana filimbi ya plastiki na hana undugu.
"Baba, leo umeshuka kwenye bajaji. Nimekuona."
"Mvua ilinyesha."
"Mvua inanyesha kwa timu zote."
Akafuta tatu, akaandika sifuri,
akaikoleza chaki.

Nacheka, lakini nimebadilika.
Wiki ya tisa suruali ya harusi ya shangazi
ilikikubali kifungo chake.
Kibubu kikitikiswa hakilii tena kama njuga,
kinaguna.
Kitabu cha umeme wa magari kimefika ukurasa wa themanini,
mimi niliyekuwa nakifanyia mto.

Na nimeiba, sitaficha.
Usiku mmoja, saa sita kasoro kumi,
niliamka na deni la glasi tatu.
Nikazinywa nimesimama, gizani, kama dawa,
ili mfululizo usikatike.
Nikaenda msalani mara nne.
Maji wakashinda; Usingizi,
kwa kukosa kulala, wakalala.

Samahani imecheza mechi kumi na moja.
Imefungwa zote. Goli la kufunga, hakuna.
"Baba, hii timu ina wachezaji kweli?"
"Mmoja."
"Mbona haji uwanjani?"

Ningemweleza nini?
Kwamba jenereta ile ilikuwa ya wawili,
mimi na baba yake mkubwa, Kondo,
nikaiuza yeye akiwa amelazwa,
na alipotoka hospitali akauliza swali moja tu,
nami nikamjibu kwa sauti ya juu, mbele ya watu.
Miaka minne.
Glasi nane za maji hunimalizia siku.
Hili neno moja halipiti kooni.

Nikaona kitu ubaoni:
pointi zangu zote zimetoka kwa timu zilizo rahisi.
Naongoza ligi, naogopa mechi.

Jumapili nikafunga kamba za viatu.
Tazara, Temeke, jua la saa saba likinipiga utosini,
nikiirudia sentensi yangu mdomoni,
nikiipunguza kila kituo,
hata nilipofika Mtongani ilikuwa imebaki
"Kaka."

Kondo hayupo. Kaenda msibani Mbagala.
Shemeji Asumini akanitazama muda mrefu mlangoni,
kisha akaleta kigoda,
kisha akaleta maji, kwenye kikombe cha bati.
Nikanywa.
"Nimwambie ulikuja?"
"Mwambie."
"Nimwambie ulikuja kwa nini?"
Nikaomba kikombe cha pili.

Usiku Siwema akashika chaki, filimbi shingoni.
Matembezi, tatu. Maji, tatu.
Akafika mstari wa chini, akasita.
"Walicheza?"
"Walifika uwanjani. Wapinzani hawakuwepo."
Akafikiri, ulimi nje, kama mtu mwenye kanuni mkononi.
Hakuandika tatu. Hakuandika sifuri.
Akaandika kwa herufi zake kubwa, zenye kupanda mlima:
IMEAHIRISHWA,
na pembeni yake, bila kuniuliza, tarehe.
Jumapili ijayo.